Tabaka la Mwalimu

Kabeza, Kigali
12 Mei 2025

Mwalimu Usumani,

Shikamoo. Natumaini Mwanza imekupokea vizuri na kwamba Ingabire hamnyimi baba yake chai ya tangawizi. Huku hatujambo. Mvua imegoma kuisha, na ndege za Kanombe zinapita juu ya bati langu kila nikifungua mdomo kuongea na mteja.

Nimepata kazi kubwa. Mama Mukandekezi wa ushirika wa washonaji Kicukiro amenipa picha kumi na sita za wanawake walioanzisha ushirika mwaka 1995. Unazijua, ulizipiga mwenyewe kwenye studio yako ya zamani kabla hujaniachia vyombo. Waliziweka kabatini chini ya bati linalovuja, na nyingine zimeliwa na ukungu. Anataka zisafishwe, zitiwe rangi, zikuzwe na zitundikwe ukutani Jumamosi ya tarehe 30 Agosti, mchana, watu wakishatoka kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, na kunawa mikono. Saba kati ya wale mama wamekwishafariki. Kwa watoto wa baadhi yao hii ndiyo picha pekee iliyobaki, kwa hiyo sitaki kukosea.

Jambo la pili utaligombeza, basi ligombeze. Nimenunua tableti ya kalamu. Ni kibao cheusi cha ukubwa wa daftari, kinaunganishwa na kompyuta. Unachora juu yake kwa kalamu isiyo na wino na mstari unatokea kwenye skrini. Sikuinunua kwa fahari. Tangu Januari kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kinawaka moto kwa sababu ya mausi ya kompyuta, na daktari wa Kibagabaga akaniambia nikiendelea hivyo nitashindwa hata kushika kijiko. Siku tatu za kwanza nilitaka kuirudisha dukani. Siku ya nne mkono ukaikumbuka ile penseli uliyonifundishia. Jana nilikuwa naziba mikwaruzo kwenye shavu la mama mmoja, nikashtuka nimeilamba ncha ya kalamu, kama tulivyokuwa tunalamba brashi. Ni plastiki, Mwalimu. Haina ladha yoyote.

Nakutumia picha sita za kwanza kwa mkono wa Mutsinzi wa basi. Ungeweza kuziona kwenye simu ya Ingabire, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba skrini ni mwongo na karatasi ndiyo shahidi. Zikague. Usinionee huruma.

Mwanafunzi wako,
Gaju


Mwanza
21 Mei 2025

Gaju,

Marahaba. Mwanza ina mawe na jua. Chai naipata.

Picha nimepokea. Kwanza, nani alikwambia bahasha za njano ni za heshima? Mtu anafungua akidhani ameitwa mahakamani.

Pili, picha zako ni za njano. Zote sita. Umewapaka manjano kama maharusi wa pwani, na wenyewe ni washonaji wa Kicukiro. Ngozi ya mtu wetu ina wekundu chini yake, nilikwambia hilo siku ya kwanza ulipoingia studio na begi lako la kutoka Karagwe, na ulitikisa kichwa kama umeelewa.

Tatu, najua ugonjwa unatoka wapi. Unatoka kwenye hicho kibao. Mkono uko mezani, macho yako ukutani. Hiyo ni kazi ya kumnyoa mtu huku unamtazama kwenye kioo. Tena nasikia kalamu hizo zinanyoosha mstari zenyewe. Sasa wewe unafanya nini hapo, unaipigia makofi? Mimi nimefanya kazi hii miaka thelathini na nane kwa wembe, penseli na brashi yenye nywele tatu. Ukikosea kwenye negativu, umekosea mpaka Kiyama. Ndiyo maana tulikuwa hatukosei.

Punguza njano. Ukimaliza kupunguza, punguza tena. Mkono ukiuma, pumzika, lakini kazi ya watu usiifanyie mchezo.

Usumani Bizimana


Kabeza
30 Mei 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Bahasha ni zile zile nyeupe za duka la pembeni hapa. Labda zilishika vumbi la mpakani Rusumo.

Kuhusu kalamu sikubali, na unisamehe. Ukiigusa polepole inatoa unywele, ukiikandamiza inatoa kamba. Mausi haijui kukandamiza, inajua kubonyezwa tu. Kwa mausi nyusi moja ilinichukua asubuhi nzima na mwisho ilionekana imekatwa kwa mkasi. Kwa kalamu nilichora nywele arobaini, moja moja, na chai yangu ilikuwa bado ya moto. Nikiilaza, kivuli kinapanuka, kama ulivyokuwa unalaza penseli chini ya kidevu cha mtu. Naweza kulikuza jicho likajaa skrini nzima na nikashughulikia kope. Mstari hainyooshi mpaka uiambie, na mimi hilo nimelizima. Mwezi wa nne huu sijalala na bandeji mkononi... yaani wiki ya nne, unaona nilivyofurahi mpaka nahesabu vibaya.

Kingine ni matabaka. Kila ninachofanya kinakaa juu ya picha kama karatasi ya plastiki iliyo wazi. Picha yenyewe iko chini, haijaguswa. Nikikosea naiondoa karatasi ile tu, zingine zinabaki. Hakuna Kiyama humu, Mwalimu.

Lakini kuhusu rangi mimi ni nani nibishane nawe? Machoni mwangu zilikuwa sawa, hata kwenye karatasi, lakini wewe ndiye uliyenipa macho hayo. Nimepunguza njano kwenye picha zote sita, na nimeiweka kazi hiyo kwenye tabaka lake peke yake. Kila tabaka sharti liwe na jina, la sivyo unapotea. Hilo nimeliita Mwalimu.

Nakutumia nakala mpya. Niambie kama zimefika.

Gaju


Mwanza
10 Juni 2025

Gaju,

Bado njano. Imepungua, sikatai, lakini ipo, imekaa kwenye paji la uso na kwenye weupe wa macho. Punguza mara mbili ya ulivyopunguza. Usiogope. Ulikuwa mwoga wa rangi tangu zamani, nikikwambia tia chumvi unatia punje tatu.

Ingabire anasema nyusi ni nzuri.

Na usinidanganye na vumbi la Rusumo. Bahasha hii nayo ni ya njano. Halafu andika herufi kubwa kidogo, wino wako umepauka, unanunua kalamu za wapi siku hizi? Hela zote zimeishia kwenye kibao.

Picha ya Nahimana sijaiona kati ya hizi. Ndiye aliyekuwa anawaongoza. Iko wapi?

Usumani


Kabeza
21 Juni 2025

Mwalimu,

SHIKAMOO. Nimeandika kubwa kama ulivyoagiza.

Nimepunguza mara mbili ya mwanzo. Picha sita nimempelekea Mama Mukandekezi. Nyingine tisa naendelea nazo.

Ya Nahimana ndiyo mbaya kuliko zote. Maji yameula upande mzima wa uso, wa kushoto kwetu sisi tunaotazama. Nimeiacha ya mwisho.

Leo sitakutumia picha. Nimekuwekea karatasi mbili tupu, nimeziandika nyuma A na B. Nataka kubadilisha karatasi ya kuchapia. Zitazame dirishani mchana uniambie ipi ina rangi nzuri. Ni hilo tu.

Gaju


Mwanza
2 Julai 2025

Gaju,

Karatasi zako ni moja. A na B ni ndugu wa tumbo moja, na wote wana njano. Huyo mwenye duka anakuuzia mzigo wa zamani. Badilisha duka. Sasa angalau tumejua kosa si la mkono wako, ni karatasi. Lingekuwa jambo la busara uniulize hili mwezi Mei.

Kama ulikuwa unanipima akili, nimekwishafika miaka sitini na saba, umechelewa.

Usumani


Mwanza
4 Julai 2025

Dada Gaju,

Salaam. Naandika bila Baba kujua, na barua hii nitaipeleka kwa Mutsinzi mwenyewe.

Jumatano alikaa dirishani na karatasi zako tangu alipotoka kuswali adhuhuri. Alizigeuza, akazibandika kwenye kioo, akazitoa nje juani. Baadaye akaniita akaniuliza, "Hizi zinafanana?" Nilikuwa nakunja nguo, nikamjibu bila kufikiri kwamba hapana, moja nyeupe pee na nyingine rangi ya krimu. Aliniomba nimsomee nyuma ipi ni A, nikamsomea. Halafu akaketi akakuandikia ile barua uliyoipata, akaniambia niifunge na nisiingilie kazi za watu.

Dada, barua zako huwa namsomea mimi. Tangu Machi hasomi mwenyewe. Anasema ni kwa sababu mwandiko wako ni mbaya. Chai anamimina nje ya kikombe. Daktari wa hapa mtaani alishamwambia ni mtoto wa jicho, yote mawili, na kwamba ni upasuaji mdogo, mtu anarudi nyumbani siku ile ile. Baba alimjibu kwamba yeye ni fundi wa picha na hakuna mtu atakayemgusa jicho kwa kisu. Nimemsihi mpaka nimechoka. Wewe anakuheshimu, ingawa hawezi kukwambia.

Ingabire


Kabeza
11 Julai 2025

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Barua hii Ingabire atakusomea, na nimemwomba asiruke hata mstari mmoja.

A ilikuwa nyeupe na B ilikuwa krimu. Nilikutega. Sikuwahi kukutega maisha yangu yote na sikupenda. Naomba radhi.

Nikwambie nilichokuficha. Zile picha sita Mama Mukandekezi alizirudisha. Alizipanga juu ya meza ya kukatia vitambaa, akavaa miwani, akamaka kwa Kinyarwanda na kuniuliza mbele ya mafundi wake wote: "Mbega! Gaju, hawa bamama iko na baridi? Nani aliwamwagia majivu?" Kweli walikuwa na rangi ya majivu, Mwalimu. Rangi ya samawati chini ya macho, midomo kama ya watu waliotolewa kwenye maji. Mimi nilikuwa nimeiona kabla sijazipeleka. Niliiona na nikazipeleka, kwa sababu wewe ulisema. Akaniambia akiona nyingine ya namna hiyo kazi yote ataipeleka kwa Keith, pale barabara ya uwanja wa ndege, ambaye anabonyeza kitufe kimoja na kila mtu anatoka na uso wa mtangazaji wa televisheni. Nilirudi Kabeza kwa miguu. Nililia njiani, nisikufiche na hilo.

Nilipofika niliwasha kompyuta. Pembeni mwa kila tabaka kuna alama ya jicho. Ukiibonyeza, tabaka linafumba, halionekani tena. Nilifumba tabaka lako kwenye picha zote sita. Ilichukua dakika mbili. Wale mama wakarudi na rangi zao. Ningekuwa nimefanya kazi ile kwa brashi juu ya karatasi, kama zamani, ningekuwa nimewapoteza. Siku iliyofuata Mama Mukandekezi alizipokea na akanikumbatia. Mimi sikufurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kuifanya kazi bila wewe na ikawa nzuri.

Sijalifuta tabaka lako. Limefumbwa tu.

Sasa sikiliza, halafu unitukane. Picha kumi na tano zimekamilika. Ya Nahimana siwezi. Mama Mukandekezi amesema ukuta bila Nahimana hautafunguliwa, kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda nyumba kwa nyumba akiwakusanya na cherehani moja kichwani. Binti yake Christella atakuja kutoka Huye, na alikuwa na miaka minne mama yake alipofariki. Mtu aliyekaa mbele ya uso ule na taa mkononi ni wewe. Mimi nachora kwa kubahatisha.

Nakutumia tableti yangu ndogo, ya mkono wa pili, nilinunua kwa ajili ya safari. Iunganishe na kompyuta ya duka la Ingabire. Ndani ya flashi kuna picha ya Nahimana. Kama hutaki, nirudishie kwa Mutsinzi, sitauliza. Lakini kwa macho uliyo nayo leo huwezi kuichora, na wewe unajua, na mimi najua, na Ingabire anayekusomea hapa anajua. Naogopa kukupoteza kwa sababu ya barua hii. Ningeogopa zaidi kukuandikia nyingine ya uongo.

Mwanafunzi wako,
Gaju


Kabeza
6 Agosti 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Sijapata jibu na Mutsinzi anasema hakupewa kitu. Basi.

Nimemchora Nahimana mara nne. Nilichukua nusu iliyopona, nikaigeuza, nikaibandika upande wa pili, kisha nikalainisha kwa kalamu. Kazi ni safi, hakuna mahali unaona kiungo. Mama Mukandekezi amezitazama zote nne akasema ni wanawake wazuri, lakini yeye hawajui hata mmoja.

Nimemwambia nitatundika fremu tupu yenye jina. Hajakubali. Zimebaki wiki tatu.

Natumaini u mzima.

Gaju


Mwanza
19 Agosti 2025

Gaju,

Marahaba. Naandika kwa mkono wangu na nasoma ninachoandika.

Barua yako ya Julai Ingabire aliisoma bila kuruka. Alipomaliza nilimwambia aisome tena. Kisha nikakiacha kibao kwenye boksi siku nne. Nilikuwa na hasira na wewe, tusidanganyane. Mtu anamfundisha mwenzake kuona, halafu anaambiwa na yule yule kwamba haoni. Siku ya tano nikachukua kile kibao nikakiunganisha, nikamkuza Nahimana mpaka uso ukajaa skrini. Niliona ukungu na chai. Sikuona hata pua inaanzia wapi. Nikamwambia Ingabire avae viatu twende kwa daktari.

Jicho la kulia lilifanywa tarehe 24 Julai. Hakuna kisu cha kuogopa. Unasikia maji, unaona taa, unaambiwa amka. Walinifunga, na walipofungua kitu cha kwanza nilichoona ni kanga ya Ingabire. Ni ya samawati. Nimeishi naye miezi saba nikidhani ni ya kijani, tena nikiisema vibaya.

Sasa kazi. Nusu yako iliyogeuzwa ilikuwa kosa la mtoto. Hakuna binadamu mwenye nusu mbili zinazofanana, na hasa si Nahimana. Halafu umesahau studio. Dirisha langu lilikuwa upande wa kulia wa picha. Upande ulioliwa na maji ni upande wa kivuli. Wewe ulikuwa unahangaika kuchora shavu ambalo hata mimi siku ile sikuliona. Hapo unachora giza, unaacha jicho na kona ya mdomo, basi.

Jicho hilo la kivuli lilikuwa limelegea. Kope ya juu ilishuka kidogo, akikutazama unadhani amekwishajua utakachosema. Mwaka 1995 nilimnyanyulia kope hiyo kwa penseli bila kumwuliza. Ndivyo tulivyofanya, kila mtu alitoka studio macho yote sawasawa, na tulijisifu. Alipokuja kuchukua picha aliitazama, akacheka, akasema nimempiga picha dada yake. Nilidhani ananisifu. Safari hii nimeiacha kope mahali pake.

Kuhusu kalamu. Siku mbili za kwanza nilikitukana kibao kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili. Siku ya tatu nikaacha kuutazama mkono. Ulichosema juu ya kukandamiza ni kweli, inasikia uzito. Mkono wangu una mtetemo siku hizi, hilo nalo nilikuficha; nikikuza sana, mtetemo unakuwa mdogo kuliko unywele na hauharibu kitu. Nikikosea narudi nyuma. Nilikosea mara nyingi sana na hakuna anayejua ila wewe, kwa kuwa nimekwambia. Na ndiyo, nimeilamba. Ingabire alicheka mpaka akaketi chini.

Flashi iko ndani ya bahasha. Kazi yangu iko kwenye tabaka lake. Usipoipenda unajua la kufanya.

Usumani


Kabeza
31 Agosti 2025

Mwalimu,

Shikamoo.

Picha kumi na sita zilitundikwa jana saa nane mchana. Watu walikuja na viatu vya tope la umuganda na Mama Mukandekezi akawafokea wote mlangoni. Nahimana yuko katikati. Sikugusa chochote, nilichapa ulivyoleta.

Mama Mukandekezi alivua miwani, akaisafisha kwa kitenge, akaivaa tena. Alisema, "Huyu ndiyo yeye. Huyu sasa atanigombeza." Akaenda kukaa. Christella alisimama mbele ya picha hiyo muda mrefu, na hakulia, ila alikuwa anaushika ukope wake wa juu kwa kidole. Wake nao umeshuka kidogo, upande ule ule. Aliniambia tangu shuleni wapiga picha humwambia afumbue jicho vizuri. Ameomba nakala ndogo ya kuweka kwenye pochi. Nimempa.

Aliuliza nani aliyemchora mama yake. Nilimwambia ni mwalimu wangu.

Kuna lile tabaka la zamani bado, limefumbwa kwenye picha sita. Nifanye nini nalo? Nashindwa kulifuta bila wewe kuniambia.

Gaju


Mwanza
9 Septemba 2025

Gaju,

Marahaba, mwanangu.

Lifute. Usiliweke kwa heshima, picha za watu si mahali pa kuniwekea heshima.

Jicho la kushoto ni Novemba, Inshallah. Kibao sikirudishi. Kuna bwana hapa jirani ana picha ya harusi ya wazazi wake imekatika vipande vinne, nimemwambia ailete.

Jana nilifungua droo nikatoa barua zako, kuanzia ile ya Mei. Nilizipanga dirishani, juani, moja moja, bahasha na barua yake. Nilimwita Ingabire aje aangalie, kisha nikamwambia arudi dukani, sihitaji tena.

Ni nyeupe, Gaju. Zote sita.

Usumani